Mtani Wangu, Mjomba wa Kwelea

Zuhura mwanangu,

Salamu nitakupa mwishoni, ukizistahili. Sasa hivi umekwenda kwa shangazi yako kusukwa, na ninavyomjua dada yangu, akishika kichwa cha mtu hakiachii mpaka watu wa kijiji kizima wamesengenywa wakaisha. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kibandani kwangu, mashine ya boti ya watu iko mezani imepasuliwa tumbo, mwenyewe anapita kila mara kuchungulia. Nimemwambia asinisumbue, naandika mambo ya serikali.

Usinicheke mwandiko. Mkono huu uliishia kidato cha pili, lakini hakuna mashine kuanzia hapa mpaka Nyamisati isiyoujua. Mafundi wa Kibiti wenye vyeti vya kutundika ukutani wakishindwa wananipigia mimi simu. Mashine nyingine zikisikia nakohoa tu zinawaka zenyewe. Unajua sisemi uongo. Naongeza chumvi kidogo, chakula kikolee.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya huko chuoni Songea, ya kutokula ovyo njiani na kutompa mtu usiyemjua mfuko akushikie, mama yako amekwisha kuyasema. Ameyarudia mpaka kuku wa hapa nyumbani wangeweza kusafiri salama. Mimi siyagusi. Mimi nina neno moja, na limenikaa kooni tangu jana kama mwiba wa samaki hongwe.

Jana, mwanangu, umeniaibisha.

Ngoja, usikunje karatasi. Nasema umeniaibisha, sijasema ulikosea. Hayo ni mambo mawili, tulia usome.

Dua ya safari yako imekwisha, watu wamekaa mkekani, pilau imeshuka, mchele wa shamba letu wenyewe. Anaingia Diwani Nassoro na mguu wake ule, kabeba chandarua cha kukupa zawadi, na hotuba. Yule mzee hawezi kuleta kitu bila hotuba. Hata akileta ndimu anaanza na kuwashukuru waliotangulia. Basi mimi nikafanya kama ninavyofanya miaka yote. Nikasema, "Karibu, Mjomba wa Kwelea! Wapwa zako huko mashambani wamekwisha kula, au tuwafungie?" Mkeka mzima ukacheka. Yeye mwenyewe kacheka. Wewe ukaweka sahani chini, ukasimama mbele ya masheikh na majirani na shemeji zangu, ukasema, "Baba, keshokutwa usinisindikize bandarini. Nitakwenda na mama." Kisha ukaongeza lile: "Bila yule mzee mimi nisingesoma."

Bila yule mzee!

Sikulala vizuri, Zuhura. Siyo kwa sababu ya bandarini. Bandarini ni tope tu, nalikanyaga kila siku. Ni hilo "bila yule mzee." Nikajiuliza, na mimi je? Mimi nilikuwa kinyago? Hebu leo tugawe sawasawa. Chake nimpe chake, na changu nibakizie, maana ukimpa yote atatuhutubia mpaka mfungo mosi.

Ulikuwa mdogo, kwa hiyo nikukumbushe ilivyokuwa. Mpunga ukianza kutia maziwa, kijiji kilikuwa kinahama. Unajua madungu yetu ng'ambo ya mto, vile vibanda vya juu ya miti. Basi familia nzima inapanda huko mpaka mavuno. Baba, mama, kuku, sufuria, na watoto mbele kabisa, kwa sababu watoto ndio walioamia ndege. Kwelea hawana mchezo. Wanakuja kama moshi, wakitua umekwisha. Mtoto anakaa juu ya dungu tangu alfajiri na kombeo na debe la kupiga, anapiga kelele mpaka sauti inakuwa ya jogoo mgonjwa. Shuleni anabaki mwalimu na chaki na wale watoto wa mwenye duka.

Mimi ndivyo nilivyokua. Tena nilikuwa hodari! Kombeo langu lilikuwa linamtoa kwelea kwenye suke bila kugusa suke lenyewe. Watu wa Maparoni walikuja kunitazama. (Haya, alikuja mmoja, na alikuwa anapita.) Kila mwaka narudi shuleni wenzangu wa Kibiti wamefika mbali kwenye kitabu, mimi najua ndege. Kidato cha pili mwalimu akaniuliza swali la hesabu, nikamwangalia kama kwelea anavyoangalia sinema. Msimu ule nikaenda dunguni, sikurudi tena shuleni. Wala sikusikitika. Nani anasikitika naye ni bingwa?

Ndipo huyu Nassoro akachaguliwa udiwani, wewe ukiwa darasa la tatu, akaitisha mkutano. Akasema msimu huu watoto hawatahama. Watabaki kijijini, watalala kwa bibi zao, bibi watapika shuleni kwa zamu, na sisi watu wazima ndio tutaamia ndege. Watu wakatazamana kwanza, kama mtu ametaja jambo la aibu mbele ya wakwe. Kisha kelele zikalipuka.

"Diwani, wewe shamba lako liko wapi? Umeota wapi?"

"Mimi na mgongo wangu huu nirushe kombeo?"

"Mtoto asipoamia ndege atakula nini, chaki?"

Mimi nikasimama nyuma. Unanijua, siwezi kuona mkutano ukaisha bila mimi. Nikasema, "Jamani, msimlaumu. Huyu hana kosa. Kwelea ni wapwa zake, anawatafutia chakula. Mjomba haoni tabu!" Basi. Jina likamganda pale pale. Watoto wakaliimba, wanawake wakalitwangia. Nasi ni watani, sisi Wamatumbi na wao Wandengereko, nani angenikataza? Mtani hashitakiwi. Nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Lakini watoto mlibaki. Alipita nyumba kwa nyumba, akisema maneno yale yale kwa urefu ule ule, mpaka watu wakakubali ili aondoke. Hiyo ndiyo silaha yake, si akili. Anachosha.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hiki nacho lazima kiingie kwenye hesabu. Mwaka ule wa kwanza alitukosesha, na sitaki kamwe umfanye walii. Tulipanga zamu, kila dungu na jirani yake, siku zote. Ikaja Ijumaa. Ijumaa wanaume tunavuka kwenda kuswali kijijini, tangu babu zetu, na siku zote mashamba tuliwaachia nani? Watoto. Na wanawake. Lakini watoto safari hii mko kijijini, na kila mama aliamka na hamu ya kumwona mwanawe. Mama yako akasema, "Navuka mara moja nimwone Zuhura, mama Asha yupo." Mama Asha naye kasema, "Navuka mara moja, mama Zuhura yupo." Dungu baada ya dungu, namna hiyo hiyo. Tulipokuwa tunatoka msikitini adhuhuri ile, mwanangu, anga ya ng'ambo ilikuwa nyeusi. Tulikimbilia mitumbwi na kanzu zetu. Tulipofika, mpunga ulikuwa umesimama vizuri kabisa, masuke yamesimama, na ndani hamna kitu.

Mwaka ule tulikula muhogo. Unaukumbuka muhogo ule. Ulikuwa unalia ukiuona.

Mtu mwingine angesema ni Mungu, au ni hali ya hewa, au ni sisi wajinga. Na kweli tulikuwa wajinga! Yeye Ijumaa iliyofuata alisimama uwanjani pa msikiti watu wakiwa wanavaa viatu, akasema maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Kosa ni langu. Nilipanga siku zote, sikuifikiria Ijumaa." Bibi mmoja akamwaga pumba miguuni pake. Mimi nikasema kwa sauti, "Mjomba, wapwa wanakusalimu, wamenenepa." Akainama, akapukusa pumba kwenye kiatu, akaondoka. Tukajua amekwisha.

Mwaka wa pili karudi na jambo lile lile! Nilitaka kulia. Yaani mtu hakomi? Safari hii akasema Ijumaa wanawake wabaki madunguni, na Jumamosi wao wavuke kuwaona watoto, na wanaume ndio tubaki tuamie na tujipikie. Wanaume wakapika, Zuhura. Mimi nilipika ugali ambao hata mbwa aliunusa akanitazama usoni kwa huruma. Na yeye kila Ijumaa asubuhi anapita na mtumbwi wake mdogo, dungu kwa dungu, anachungulia kama kuna mtu. Siku moja kapanda ngazi iliyooza, ikakatika. Mguu ule unaouona haukuunga vizuri tangu siku hiyo. Na mimi, baba yako hodari wa maneno, nilisemaje? Nilisema wapwa wamemlipa mjomba wao fadhila. Watu walicheka, lakini kidogo, na mama yako hakucheka kabisa. Siku hiyo alinipa chakula bila kuniita jina.

Uchaguzi ulipofika tukamwangusha. Kura yangu ilikuwamo, sijifichi. Tukamchagua kijana mmoja mwenye spika kubwa na fulana za bure. Nikasema sasa tutapumua.

Msimu ukaanza. Ijumaa moja nilibaki dunguni peke yangu, mama yako alikuwa na homa. Nasikia kafi, chap, chap. Natazama, nani? Nassoro, na mguu wake umenyooka mtumbwini kama kafi la pili.

Nikamwambia, "Mzee Nassoro, kura zimekwisha. Unatafuta nini huku?"

Akanitazama. "Natafuta mtu kwenye dungu lako."

"Mimi hapa."

"Nimemwona. Kwa heri, we Mmatumbi."

Akageuza mtumbwi, akaenda zake dungu linalofuata. Hana udiwani, hana posho, hana spika, na wala hakunihutubia! Nikasimama pale na kombeo mkononi nikitafuta neno la kumrushia mgongoni. Kwelea wakatua nyuma yangu nikiwa bado natafuta.

Hicho ndicho ninachompa. Watu wengi wana wazo zuri, hata mimi ninalo, ninayo mengi kuliko yeye. Lakini kukaa na wazo lako watu wakikucheka, ukakubali mahali lilipokosea, ukalitengeneza pale tu palipovunjika bila kulitupa lote, na ukaendelea hata walipokuvua cheo, hilo mimi siliwezi. Mashine ikinisumbua mara ya tatu naipiga teke. Yeye hapigi teke. Kijana wa fulana alipomaliza muda wake bila kuonekana, tukamrudisha mzee. Kura yangu ilikuwamo tena. Usimwambie.

Sasa langu. Nani aliyekuwa juu ya dungu? Mtu mzima mwenye ndevu, fundi anayejulikana, anapiga debe na kuimba "haa-yee" kama mtoto, ili mtoto wake awe darasani anajifunza jina la mfupa wa kidole. Bega langu la kulia mpaka leo mvua ikikaribia linanipa taarifa kabla ya redio. Nilimtukana mchana, lakini zamu yangu sikuikosa. Ijumaa ile moja tu, na ile tuliikosa wote. Kwa hiyo huko chuoni ukisema "bila yule mzee", weka na "bila baba yangu, pamoja na mdomo wake." Naomba hivyo tu. Siyo mengi.

Lakini kuna kitu umekiona jana ambacho mimi sikukiona kwa miaka, na ndicho kilichoninyima usingizi. Ulipoondoka mkekani mama yako akaniinamia sikioni: "Utani wako una mdomo, hauna mikono."

Nikakumbuka msiba wa mama yangu, Zuhura mkubwa, ambaye unabeba jina lake. Nani alifika makaburini mapema kuliko ndugu? Nassoro. Kama mtani akaingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alimpunja pilau. Watu wanalia na kucheka pamoja, hata mimi nilicheka, na ndiyo siku niliyohitaji kucheka kuliko zote. Akapewa jogoo. Kisha akatoka, akashika jembe, na mguu wake ule, akachimba mpaka mwisho, akabeba jeneza, akachota maji ya wageni. Ndivyo utani ulivyo. Mtani anayekucheka ndiye anayekuchimbia, na ndiye anayekubeba. Mimi miaka yote nimechukua nusu ya kucheka, nusu ya kubeba nikamwachia yeye. Nilikuwa kama mtu anayekula wali, halafu mavuno yakifika mgongo unamuuma.

Kwa hiyo jina lile silifuti. Nakwambia mapema usije ukafikiri nimeokoka. Likifutika atakufa kwa upweke yule mzee, na jana umeona mwenyewe alicheka. Tena ana makosa bado, usinitoe macho. Gati alilotuahidi liko wapi? Nguzo mbili na kunguru. Kila kikao anasema liko mbioni. Linakimbilia wapi, Kilwa? Huko uendako ukimsifu mtu msifu na makosa yake mfukoni, sifa itadumu. Na ukimcheka mtu, fanya hivyo, wewe ni mwanangu huwezi kujizuia, lakini siku ya kumbeba uwepo.

Na siku yenyewe ni kesho.

Kesho asubuhi maji yatakuwa yamekupwa. Boti itasimama mbali kule kwenye mkondo, na kutoka ukingoni mpaka botini ni tope tupu, kwa sababu ya hilo gati lililo mbioni. Diwani anasafiri na boti hiyo hiyo, ana kikao Kibiti. Unajua huwa wanamvushaje: vijana wawili wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja anateleza makusudi, watu wa ukingoni wanacheka, na anayeanzisha kicheko unamjua. Kesho hakuna kiti. Nimekwisha kuwaambia vijana wapumzike. Nimekwenda na kwake mwenyewe, mchana huu, kabla sijaanza barua hii. Nilimkuta barazani anakata kucha.

Nikamwambia, "Mjomba wa Kwelea, kesho nakubeba mgongoni."

Akasema, "Unanuka petroli, we Mmatumbi."

"Ndiyo."

"Ukiniangusha?"

"Nitaanguka mimi kwanza, wewe utatua juu yangu."

Akafikiri, akakata kucha nyingine. "Basi oga," akasema. Halafu akaanza hotuba, nikakimbia.

Kwa hiyo sanduku lako kesho atakubebea mjomba wako wa damu au mtu mwingine yeyote, mgongo wangu una mtu. Na neno lako nimelitii, usije ukasema baba hasikii. Umesema nisikusindikize, nami sikusindikizi. Namvusha mtani wangu. Ikitokea tuko nyuma yako kidogo katika tope lile lile, saa ile ile, tukielekea boti ile ile, hiyo ni njia ya watu wote, Zuhura, na hujainunua.

Wewe tangulia. Kanyaga pale penye mizizi ya mikoko, katikati kunazama. Ukisikia nyuma yako mzee anahutubia na mtu mwingine anahema kama mashine mbovu, basi ujue tunakuja. Si lazima ugeuke.

Lakini ukigeuka, mama, ziko salamu zako. Nimezibakiza hapo.

Baba yako,
Fundi Hamisi, bingwa wa kombeo, kuanzia kesho mchukuzi wa madiwani.